Kabla ya kuuliza kodi, uliza jiko

Kila ukikaribia msimu wa vyuo vya India kufunguliwa, simu yangu haipumui. Mtoto wa fulani kapata nafasi Pune, wa fulani Bangalore, wazazi wanataka kujua abebe nini. Abebe vyeti vyake na nguo mbili tatu, vingine vyote vinauzwa huko. Ila nina neno moja ninalolirudia mpaka nakera: ukienda kuangalia chumba, kabla hujauliza kodi, uliza jiko.

Mimi nilikaa Pune miaka mitatu, mtaa wa Kothrud, nimepanga chumba ndani ya nyumba ya familia. Bibi wa nyumba tulimwita Aaji, ndiyo bibi kwa Kimarathi, lugha ya huko. Mwanawe nilimwita Kaka, maana kwao kaka ni baba mdogo. Na mjukuu, mhandisi wa kompyuta mwenye ndevu zake, nilimwita Dada, kwa sababu Kimarathi dada ni kaka mkubwa. Mama yangu kule Tanga aliposikia "Dada ananipeleka chuo kwa pikipiki" alimshukuru Mungu miezi miwili nzima, mpaka siku Dada alipokatiza nyuma yangu kwenye simu ya video.

Sasa kosa langu. Niliiona ile nyumba nikaihukumu kwa haraka: intaneti ya kasi, Dada anaongea na wateja wa Marekani usiku wa manane, nyanya zinaagizwa kwa simu na kufika kabla maji hayajachemka. Nikasema hawa ni watu wa kisasa, hapa nitaishi nilivyozoea. Wiki ya pili nikanunua mayai sita, nikayapanga kwenye friji.

Aaji hakunigombeza. Nilirudi jioni nikakuta friji iko wazi, tupu, rafu zake zimeanikwa kibarazani kama nguo, na mayai yangu kwenye mfuko mlangoni pa chumba changu. Usiku Dada, aliyekuwa chumba cha pili tu, akanitumia ujumbe wa WhatsApp: jikoni kwetu haliingii yai, samaki wala nyama. Baada ya dakika moja ukaja wa pili: mimi mwenyewe nakula omleti kazini, tafadhali usimwambie Aaji.

Nilichogundua ni kwamba nilikuwa natafuta mila kwenye sari na kwenye mahekalu, kumbe zimekaa jikoni, kizingitini na kwenye kalenda. Simu, suruali, kazi ya usiku, binti kuishi mji mwingine peke yake, hayo nyumba ile ilishayameza bila kelele. Gusa jiko uone.

Wala usichukue kisa changu ukadhani India nzima haili nyama. Wahindi wengi wanakula, na watu wa pwani ya Konkan wana mchuzi wa samaki wa nazi ambao mtu wa Tanga angeufuta kwa ulimi. Ndiyo maana nasema uliza nyumba kwa nyumba: naruhusiwa kupika nini, naruhusiwa kuingiza nini kutoka hotelini, na sufuria yangu ikae wapi. Na zizoee alama za kwenye pakiti. Nukta ya kijani ndani ya mraba maana yake hakuna nyama wala yai. Alama ya kahawia ni kinyume chake. Biskuti yenye yai nayo inabeba kahawia. Ningeijua mapema, nisingemwaibisha Kaka mbele ya mama yake kwa keki ya siku yangu ya kuzaliwa. Ndiyo, nilirudia kosa.

Pesa nipite haraka. Tangu UPI, mfumo wao wa kulipana kwa simu kutoka benki hadi benki, uanze 2016, hata muuza maua wa nje ya hekalu amebandika karatasi ya msimbo wa kuskani, na pembeni kuna kispika kidogo kinachotangaza kwa sauti rupia ngapi zimeingia. Sisi watu wa pesa za simu tunadhani tumeshajua, na tunaumia tukisikia kwamba mtumaji hakatwi kitu. Lakini bila laini ya huko na akaunti ya benki ya huko utahangaika, kwa hiyo mwezi wa kwanza tembea na noti ndogondogo. Hesabu hazitakusumbua: laki ni laki, kama yetu.

Lililonisumbua zaidi ni imani. Siku ya Dasara, sikukuu ya Wahindu, watu hupamba vyombo vyao vya kazi: magari, mashine, zana. Asubuhi ile Aaji alipita na sinia, akaivisha pikipiki maua ya manjano, kisha akaitia laptopu ya Dada doa la unga mwekundu. Dada alisimama kando kama mzazi hospitalini, akisema Aaji, pole pole, siyo kwenye matundu ya feni. Usicheke. Wanasayansi wa shirika la anga la India huenda kwenye hekalu la Tirupati na mfano mdogo wa roketi kabla ya kuirusha, na ndio hao ambao chombo chao kilitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi tarehe 23 Agosti 2023.

Aaji akaja mlangoni kwangu. Mimi ni Mwislamu. Nilikunja mikono kifuani, nikamwambia kwa Kimarathi changu kibovu kwamba laptopu yangu aiache. Akaniangalia, akaiweka sinia chini, akanipa jani la mti wa apta, ambalo siku hiyo watu hupeana na kuliita dhahabu. Hilo nililipokea. Ushauri wangu: sema mpaka wako mapema na kwa heshima. Watu wanaoishi na miiko wanaelewa mwiko wa mwenzao kuliko unavyofikiri.

Lakini si yote nitayapamba. Mama aliyekuja kufanya usafi walimwita mavshi, yaani mama mdogo, na mama mdogo huyo alikuwa na kikombe chake cha chuma, kimewekwa dirishani peke yake, hakichanganywi na vingine. Katiba ya India ilipiga marufuku kumtenga mtu kama najisi tangu 1950. Kikombe kilikuwa pale pale. Nilianza kumkaribisha chai chumbani kwangu kwa vikombe vyangu, basi, zaidi ya hapo sikuthubutu. Halafu nikakumbuka sahani ya plastiki ya msichana wa kazi nyumbani kwetu, nikaona aibu mara mbili.

Ramadhani ya kwanza nilijiandaa kujificha. Aaji, ambaye naye hufunga siku zake, alinipikia chakula chao cha mfungo: chengachenga za wanga wa muhogo, karanga na viazi. Alileta saa saba mchana. Nilipomweleza kwamba hata maji siruhusiwi, alishika shavu. Tangu hapo akawa anaamka kunipashia daku, na sufuria yake ya presha ikipiga miluzi mitatu saa kumi usiku ghorofa nzima inajua Mtanzania anakula.

Mwezi ulipofika ukingoni, akafunua Kalnirnay, kalenda ya ukutani inayochapishwa tangu 1973, akaweka kidole juu ya tarehe ya Idi. Nikamwambia hatuna hakika, mpaka uandame. Dada alikuwa ameshafungua programu ya simu, mama ananipigia kutoka Tanga kwamba huko bado wanabishana. Aaji kila mwezi ana siku anayofunga mpaka mwezi utoke, na kalenda ile ile humpa saa na dakika. Hakutujibu. Alivaa miwani, akatoka kibarazani kutazama mwenyewe.