Anzia ngamani

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, orodha yako ya matengenezo ya mashua mara tatu. Kazi 63! Umeniuliza uanzie wapi, na kabla sijafungua mdomo ukajijibu mwenyewe: unataka kung'oa makabati yote ya ndani, ujenge jiko jipya na kitanda cha kukutosha, kwa sababu humo ndimo unamoishi. Mengine yatafuata.

Hapana, baba. Jiko limo nambari 40 huko.

Wahenga waliposema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, walikuwa na maana pana, lakini mimi nakwambia uichukue hivyo hivyo ilivyo. Inua mbao za sakafu, piga magoti, uchungulie ngamani, chini kabisa ndani ya chombo maji yanapojikusanya, na kurunzi. Hesabu kila tundu lililotobolewa chini ya mstari wa maji: la choo, la sinki, la maji ya kupozea injini, la chombo cha kupimia kina. Mashua ya mita 10 yenye umri wa miaka 38 kama hiyo yako haikosi matundu sita au saba, na karibu kila moja lina vali na bomba la mpira. Hapo ndipo chombo huzama kikiwa kimetulia nangani, bila wimbi wala upepo. Tundu la milimita 38 lililo sentimita 60 chini ya maji huingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika. Ile pampu ndogo uliyoisifia haitafua hata nusu yake.

Sasa nikupe kisa ambacho baba yako hapendi nikisimulie. Mwaka wetu wa pili majini, usiku, alikwenda kufunga vali ya choo na mpini ukambaki mkononi, pamoja na kipande cha shingo ya vali. Mahali palipovunjika palikuwa na rangi ya waridi, kama ufizi. Ile haikuwa shaba inayofaa baharini, ilikuwa shaba ya njano ya mabomba ya nyumbani, ambayo ndani yake mna zinki. Maji ya chumvi huila zinki taratibu na kuacha shaba yenye vitundu, laini kama biskuti, ingawa kwa nje inaonekana nzima. Tuliokolewa na kigingi cha mti laini cha kuzibia tundu, kilichokuwa kimefungwa kwa uzi pembeni ya vali, pamoja na gauni langu moja.

Kwa hiyo wiki hii hii, kabla hujagusa msumeno, funga kigingi kando ya kila vali. Kila mpira uwe na vibanio viwili vya chuma kisichoshika kutu. Kwaruza kila vali kidogo kwa kisu uone rangi. Zile zenye wekundu ziandikie alama, na mpini uliokaza usiulazimishe chombo kikiwa majini. Utazibadilisha siku ya kupandisha gudi. Siku hiyo ziweke pamoja kazi zote zinazotaka nchi kavu: vali, rafadha, usukani, zinki za kujitoa mhanga, zile zinazoliwa na maji ya chumvi ili metali nyingine zipone (zikishaliwa nusu, ni za kutupwa), na rangi ya kuzuia viumbe wa baharini kuota. Usipandishe mara mbili kwa sababu ya kusahau kitu. Na ujue kwamba kuishi gudini ni adha: unapanda ngazi kila saa, na sinki huwezi kulimwaga maana chini kuna mtu anapaka rangi.

Baada ya ngama, sitaha. Hapa ndipo makabati yako mapya yangeharibika. Kila bolti iliyopita sitahani ni mlango wa maji, na maji hayadondoki pale yalipoingilia. Huingia kwenye mguu wa uzio, yakatambaa ndani ya dari, yakakudondokea kwenye mto wa kulalia mita mbili mbele. Sitaha nyingi za faiba zina mti mwepesi wa balsa katikati ya tabaka mbili, na balsa ikilowa huoza. Gongagonga kwa mpini wa bisibisi: palipo pazima hulia kwa ukali, palipooza hulia kama tikiti lililopita siku.

Palipo pazima, toa bolti, panua tundu kwa keekee, lijaze gundi ya epoksi iliyokolezwa unga wake, ikikauka toboa upya katikati. Balsa haitaona maji tena hata kizibo kikichoka. Kisha weka utepe wa butili, ule laini unaonata wa kuzuia maji, kaza kidogo, rudi kesho ukaze tena. Silikoni usiiguse kabisa! Aliyekuwa na chombo chetu kabla yetu alipaka silikoni kila mahali, na mabaki yake hayakubali rangi wala gundi yoyote juu yake. Nilikwangua majira mawili. Bado namlaani kimoyomoyo.

Umeme utausoma mwenyewe, una kichwa kuliko mimi, ila mambo mawili sikuachii. Fyuzi kuu ikae karibu na betri kadiri unavyoweza, kwa kuwa waya usio na fyuzi ukigusana huwaka moto, na moto majini huna pa kuukimbilia. Na waya uwe wa nyuzi nyingi zilizopakwa bati, si ule wa nyumbani. Kama betri zako ni za risasi, zikipumzika zikasoma volti 12.7 zimejaa, 12.2 zimefika nusu, usizinyonye zaidi.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kujaa ngamani kama maji, kisha husubiri cheche. Mtungi ukae kwenye sanduku lake lenye tundu la kutokea nje ya chombo, juu ya maji.

Mlingoti: kama hujui nyaya zake zilifungwa mwaka gani, zihesabu kuwa zimezeeka. Tazama zinapoingia kwenye vishikio vya chini. Ukiona ufa mwembamba kama unywele au uzi mmoja uliokatika, usitweke tanga.

Nimekuandikia mengi kuhusu vitu, kumbe swali lako hasa ni namna ya kuishi humo huku ukitengeneza. Sisi tulikosea vibaya. Tulifungua jiko, injini na umeme kwa pamoja, tukidhani tunaokoa muda. Miezi minne tulilala na sanduku la nati miguuni, tukila vya baridi, vumbi la faiba kwenye mto. Tuligombana kuhusu spana kuliko tulivyowahi kugombana kuhusu jambo lolote. Baadaye tukawekeana sharti: hakifunguliwi cha pili kabla cha kwanza hakijafungwa, na kila jioni kitanda, moto, choo na pampu viwe vinafanya kazi, hata kama kabati halina mlango. Kazi ilionekana kwenda polepole, lakini iliisha.

Msasa usipigie ndani kama kipande kinatoka. Kitoe nje ukakipigie huko. Kama hakitoki, tundika shuka lililoloweshwa mlangoni, vaa barakoa ya kichungi, si kitambaa. Epoksi ikikauka huacha utando kama nta. Uoshe kwa maji kabla ya msasa, la sivyo tabaka la pili litabanduka. Usiku wa kupaka rangi au resini ndani, ukalale kwa rafiki. Usinijibu kwamba umefungua dirisha.

Na hilo jiko, ukilifikia, usilijenge kwanza. Likate kwa maboksi ya karatasi ngumu, upike nalo wiki nzima, chombo kikiyumba. Mimi nililisogeza langu mara tatu kwa kisu na gundi ya karatasi kabla baba yako hajashika randa.

Nitumie picha za vali, moja moja, upande uliokwaruza. Nikija nitalala kitanda cha kulia, kwa hiyo hayo makopo ya rangi uliyoyapanga juu yake katika picha, yatafutie pengine.

Mama yako