Mwanangu, kuhusu kuwachora wabeba kuni

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, na sisi huku hatujambo. Umeniuliza kama una haki ya kuwachora akina mama wa kwetu wanaoshuka mlimani na kuni kichwani, au kama unawaanika tu, maana kuna aliyekwambia kwamba picha za namna hiyo huwafurahisha wenye shibe peke yao. Swali zuri, na limenikalia moyoni. Nitakujibu kwa kukusimulia habari za mtu niliyekuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu wa sanaa, Mwitaliano Teofilo Patini.

Alizaliwa mwaka 1840 katika mji mdogo wa Castel di Sangro, kwenye milima ya Abruzzo. Alikwenda Naples kusomea uchoraji, na mwaka 1860 akajiunga na wapiganaji wa Garibaldi waliotaka Italia iwe nchi moja. Nchi ikapatikana, lakini kule milimani kwao mkulima aliendelea kushinda njaa na mkewe aliendelea kubeba. Patini alikuwa amezoea kuchora visa vya historia. Akaviacha, akawageukia watu wa kwao.

Mwaka 1880 alichora picha aliyoiita “Mrithi”. Baba amekufa, amelazwa chini. Mama ameishiwa nguvu kando yake. Mbele yao kuna mtoto mchanga, uchi, hajui lolote. Ukimtazama mtoto huyo ndipo unapoelewa anarithi nini. Baada ya hapo ikaja “Sepetu na Maziwa”: mama ameketi shambani ananyonyesha, na nyuma yake mumewe anapindua udongo. Hiyo iliishia Roma, katika wizara ya kilimo. Nalipenda sana jambo hilo, mwanangu. Picha ya mkulima ikakaa katika nyumba ya wanaoamua mambo ya wakulima.

Lakini inayokuhusu wewe ni ile ya mwaka 1886, “Wanyama wa Mizigo”. Wanawake watatu wako kwenye njia ya mawe mlimani na matita yao ya kuni. Mmoja, mjamzito, amejiegemeza kwenye mzigo wake, hajiwezi kwa uchovu. Patini hakuwapamba. Mawe ni makavu, nguo ni nzito, kuni zina uzito unaouhisi shingoni mwako mwenyewe. Na angalia ukubwa wa turubai: ni kubwa mno, ya kiasi ambacho wachoraji wa zamani walikiweka kwa ajili ya wafalme na vita. Wabeba kuni wakapewa nafasi ya wafalme. Kwangu mimi, hapo ndipo jibu lako lilipo. Anayetaka kumwonea mtu huruma tu humchora mdogo, kona ya picha, ili mtazamaji adondoshe chozi kisha apite zake. Patini alimlazimisha mtazamaji asimame. Na jina lile kali halikuwatukana wanawake wale. Liliwashtaki waliowafanya waishi hivyo.

Alikuwa na haki hiyo kwa sababu aliwajua. Milima ile ilikuwa yake, na hakuihama moyoni hata alipokuwa mtu mwenye jina. Miaka mingi alifundisha L'Aquila, mji mkuu wa mkoa huohuo, akiwapa vijana sanaa na ufundi. Alifariki Naples mwaka 1906.

Basi wachore, mwanangu. Ila usiwachore kwa picha za simu ulizopiga ukiwa ndani ya gari. Ukija likizo, panda nao mlimani alfajiri, ubebe tita lako mwenyewe. Waombe ruhusa kila mmoja kwa jina lake. Ukimaliza, wao wawe wa kwanza kuiona, na mama yeyote akisema sura yake iondoke, iondoe bila ubishi. Kisha usikimbilie kuipeleka kwenye maduka ya watalii; iombee ukuta katika ofisi ya wilaya, pale watu wa misitu na maji wanapopita kila siku. Turubai ikiwa ghali, niandikie, tutachanga mimi na baba yako.

Baba yako anakusalimu sana, na shangazi anauliza utafika lini.

Mimi mama yako