Usinunue simu ambayo ufunguo wake uko serikalini
Ndugu muulizaji, umeuliza kama wateja wa kawaida wanaweza kuikataa simu ambayo usimbaji wake (ufichaji wa mazungumzo ili mtu mwingine asiyaelewe) unaiachia serikali njia ya kusikiliza mazungumzo. Wanaweza, na walishafanya hivyo Marekani. Mwaka 1993 serikali ya Rais Clinton ilitangaza chipu ya Clipper ya kusimba mazungumzo ya simu, ambayo funguo zake za kuyafungua zingegawanywa na kuhifadhiwa na idara mbili za serikali. Maelfu ya watu walitia saini kuipinga, wanunuzi wakaisusa, na mwaka 1994 mtafiti Matt Blaze akaonyesha kwamba hata utaratibu ule wa kuwawezesha wapelelezi kusikiliza ungeweza kukwepwa. Kufikia 1996 mpango ulikuwa umekufa. Kabla ya kulipa, mtake muuzaji akueleze kwa maandishi ni nani anayeshika funguo; akisita, nunua kwingine, na umwandikie mtengenezaji sababu yako.