Povu chini ya mabati: rangi ya moto inasaidia, lakini hesabu ndoo

Ndugu wa Nakuru uliyeuliza kuhusu godauni lako la chakula cha kuku kule Pipeline, nimekusoma. Umesema povu la poliurethani, lile la kupuliza la kuzuia joto, limepulizwa chini ya mabati na kwenye kuta, liko wazi, na fundi amekuhakikishia kwamba "lina dawa, halishiki moto". Sasa unauliza kama kuna haja ya kununua rangi ya moto, au upige tu rangi ya kawaida ya ukutani ili pawe peupe. Halafu ukataja, kama jambo dogo, kwamba kona moja umemkodishia jamaa wa kuchomelea mageti. Hilo si dogo, tutalifikia.

Mimi napuliza povu na kulipaka huku Kisumu, mara nyingine hadi Kakamega na Bungoma. Fundi wako hajakudanganya kabisa. Dawa imo, huchanganywa kiwandani kwenye pipa la polioli, moja ya kemikali mbili zinazokutana kuwa povu. Kazi yake ni kuchelewesha, ili njiti moja ya kiberiti isianzishe balaa. Basi.

Nami niliwahi kuiamini kupita kiasi. Mteja mmoja wa Mamboleo alitaka kuona kwa macho, nikakata kipande cha povu ukubwa wa tofali nikakipiga moto wa gesi nje ya geti. Kikatoa moshi, kikawa cheusi, nilipoondoa moto kikazima chenyewe. Mteja akafurahi, mimi kichwa kikavimba. Alipoondoka, kijana wangu wa mkono akaokota mabaki, akasimamisha vipande viwili vigusane kama kona ya chumba, cha tatu akakilaza juu kama dari, kisha akawasha gazeti chini. Dakika haikuisha. Moto ulipanda konani, ukagonga dari, ukatanda, na moshi mzito mweusi ukatufukuza sote wawili. Povu lilikuwa lile lile, la pipa lile lile. Kipande kikiwa peke yake joto hutawanyika hewani. Konani kila upande unampikia mwenzake. Na godauni lako lina kona nne na dari.

Marekani walishagombana na maneno haya. Miaka ya 1970 tume yao ya biashara, FTC, iliwazuia wauzaji wa povu kulitangaza kuwa "linajizima lenyewe", kwa sababu majaribio ya kipande kidogo yalikuwa yakipotosha watu. Leo kanuni zao za ujenzi hazitaki povu likae wazi ndani ya jengo: litengwe na ubao wa jipsamu wa milimita 12.7, au kitu kingine kilichopimwa kikaweza kulikinga na joto kwa dakika 15. Mwenye kudhani hizo ni mbwembwe za Wazungu asome kilichotokea kwenye klabu ya The Station, Rhode Island, tarehe 20 Februari 2003. Fataki za jukwaani zilishika povu la poliurethani lililobandikwa ukutani kupunguza sauti, wakafa watu 100. Halikuwa la kupuliza, lakini ni ukoo mmoja, na lilikuwa wazi kama lako. Moshi wake una kaboni monoksidi na sianidi, kwa hiyo usidhani utapata muda wa kuokoa magunia.

Rangi ya kawaida itakupa weupe tu.

Rangi ya moto ninayoisema ni ile inayovimba. Ikikauka huioni tofauti na nyingine, lakini joto likipita nyuzi 200 hivi inaumuka kama andazi kwenye mafuta, inakuwa blanketi nene la mkaa laini kati ya moto na povu. Povu nyuma yake huchelewa kupata joto, watu wakatoka. Ila si kila ndoo iliyoandikwa "ya moto" ni hiyo. Zipo za kulinda nguzo za chuma na zipo za mbao, na hizo kupimwa kwake ni juu ya chuma au mbao. Wewe dai karatasi ya maelezo inayosema ilipimwa juu ya povu la kupuliza, tena aina ya povu lako, kwa unene gani. Muuzaji akianza kukuzungusha, toka dukani.

Unene ndio roho ya kazi yote, na ndipo watu huibiwa. Nyingi nilizopaka zinataka kati ya milimita 0.4 na 0.6 ikiwa mbichi. Hesabu yake haihitaji injinia: lita moja kwa mita moja ya mraba ni milimita moja. Ukuta na dari za mita 200 za mraba kwa milimita 0.5 ni lita 100, yaani ndoo tano za lita 20. Lakini povu lina mabonde na vilima kama ganda la fenesi, kwa hiyo ongeza angalau robo. Sema lita 125.

Kazi moja ya ukubwa huo niliwaachia vijana nikaenda kuzika kijijini. Nikarudi nikakuta kumeng'aa, peupe pe! Mwenye jengo ameshaanza kuniita bwana. Nikahesabu ndoo tupu: tatu. Waliongeza maji ili mashine isizibe, wakajivunia kubana matumizi. Nilikata kijipande kwa wembe, nikapima ngozi ya rangi. Ilikuwa chini ya nusu ya inayotakiwa. Tulirudia yote kwa hela yangu. Tangu siku hiyo ndoo tupu hazitoki hadi mimi na mwenye jengo tuzihesabu, na kabla ya kupaka nabandika vipande vya bati laini hapa na pale juu ya povu. Rangi ikipita juu yake nachomeka kitana cha kupimia unene ikiwa bado mbichi. Kwenye povu lenyewe kitana kinadanganya, meno yanaingia mabondeni.

Mengine ni ya kawaida: povu likae angalau siku nzima kabla ya kupakwa, lililochomwa na jua likawa unga likwanguliwe, na vumbi lifagiliwe. Kwenu vumbi ni la kuheshimiwa, wanasema hata jina Nakuru limetoka huko kwa Kimaasai. Asubuhi za Julai ngojeni bati lipate joto kidogo.

Kwa kuta, usipoteze rangi hadi chini. Magunia na mikokoteni vitaikwangua mwaka huo huo. Kuanzia sakafuni hadi kimo cha mtu na nusu, funga wavu wa kuku na upige plasta ya saruji ya milimita 25. Rangi ibaki ya juu na dari.

Sasa jamaa wa mageti. Cheche zake rangi itazivumilia kwa muda, lakini siku atakayochomelea kwenye nguzo au paa la jengo lenyewe, chuma kitabeba joto hadi nyuma ya povu, upande ambao hauna rangi hata tone. Hakuna ndoo inayotibu hilo. Mhamishie nje, chini ya kibanda chake, na mtu yeyote akitaka kuchomelea paa, povu la sehemu hiyo likatwe kwanza litolewe. Mkaguzi wa moto akija, maana kanuni za Kenya za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto zinataka ukaguzi kila mwaka kwa sehemu za kazi, hilo ndilo atakaloanza nalo.

Nitumie picha ya mgongo wa ndoo kabla hujalipa.