Quake III kwenye Linux: maswali yenu

Nimesakinisha ioquake3 lakini inadai haioni pak0.pk3. Nifanyeje?

Swali hili lingepungua kama watu wangesoma ujumbe wa kosa mpaka mwisho. ioquake3 ni injini tu, yaani programu inayoendesha gemu. id Software, watengenezaji wa gemu ya Quake III Arena, waliachia msimbo wake mwaka 2005 kwa leseni huria ya GPL, lakini ramani, picha na sauti hawakuziachia. Zote zimo ndani ya pak0.pk3, na faili hilo hutoka kwenye CD au nakala uliyoinunua. Linakili kwenye folda ya baseq3. Pak1 hadi pak8 ni za viraka, utazipata bure kwenye tovuti ya ioquake3. Andika majina kwa herufi ndogo. Kwa Linux, Baseq3 na baseq3 ni folda mbili. Na pak0 ya kutumiwa Telegram na mtu usiyemjua, kaa nayo mbali.

Kwa nini nisiendeshe .exe kwa Wine, yaishe?

Gemu hii ina toleo lake la Linux tangu 1999, Loki Software waliliuza kwenye boksi. Wine, programu ya kuendeshea .exe za Windows ndani ya Linux, waachie wenye gemu zisizo na toleo hilo.

Linux ipi ni bora kwa gemu?

Hiyo uliyo nayo.

Kwa sudo inafunguka, bila sudo inagoma.

Mara nyingi inagoma kwa sababu uliwahi kuifungua kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine (root), faili zake zikawa mali ya root. Zirudishe: sudo chown -R $USER ~/.q3a. Halafu usirudie. Gemu hii huunganishwa na seva za watu usiowajua na inaweza kupakua faili zao; wewe unaipa mamlaka ya mashine nzima kwa sababu umechoka kutafuta kosa?

Inakwamakwama, na kadi yangu ya michoro ni mpya.

Andika glxinfo | grep renderer. Ukiona llvmpipe, kadi yako imelala na prosesa ndiyo inayochora. Kama ni ya NVIDIA, chukua draiva kwenye vifurushi vya Linux yako. Faili la .run la kupakua mwenyewe liache: kernel (kiini cha Linux) ikisasishwa, unaweza kuwasha mashine ukakuta skrini nyeusi.

Sina hela ya kununua. Kuna ya bure?

OpenArena. Injini ni ileile, ramani na sauti zimetengenezwa upya na ni halali. Sura za wahusika ni mbaya, nakiri kwa niaba yao, na seva nyingi ni tupu. Anza na boti, wapinzani wanaoendeshwa na kompyuta.