Msaada wa nje kwa nchi inayotishwa na jirani: jibu kutoka Mbeya

Mdogo wangu, umeuliza kama misaada ya nje huiokoa kweli nchi inayobanwa na jirani mwenye nguvu, au ni hotuba tu. Sisi wa Mbeya tunao mfano hapa hapa, tukienda stesheni ya TAZARA tu, ile reli ya Tanzania na Zambia.

Novemba 1965 Ian Smith, waziri mkuu wa serikali ya walowezi weupe, alijitangazia uhuru wa Rhodesia (leo Zimbabwe) kutoka kwa Uingereza. Zambia ilikuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru, haina bahari, na shaba yake na mafuta yake vilipita kwa huyo huyo Smith. Mwezi uliofuata mafuta yakakatwa. Malori yakaanza kubeba mapipa kutoka Dar kupitia Iringa na Tunduma, kwenye barabara ya vumbi iliyoua madereva wengi. Bomba la mafuta la TAZAMA kutoka Dar likafika Ndola, Zambia, 1968.

Reli ya kutoka Dar hadi Zambia nchi za Magharibi zilikataa kuijenga, zikasema haitalipa. China ikatoa mkopo usio na riba, kilomita 1,860 zikajengwa kuanzia 1970 hadi 1975. Hisani tupu haikuwa (Beijing nayo ilitafuta marafiki), ila Smith alipofunga mpaka Januari 1973, Rais Kaunda wa Zambia, mwenye bomba tayari na reli ikiendelea kujengwa, aliweza kukaza na kuuacha umefungwa hata Smith alipotaka kuufungua.

Kwa hiyo ndiyo, husaidia, ukiwa msaada wa njia na mafuta, si wa matamko. Lakini usiukuze kupita kiasi: Oktoba 1978 Kaunda ilibidi aifungue tena reli ya kusini inayopita Rhodesia, mbolea ilikuwa haifiki na msimu wa kupanda umekaribia.