Jibu kwa aliyeuliza kuhusu muziki na milio kwenye kampeni ya Wesnoth

Mkuu, umeuliza kwa nini kampeni yako (mfululizo wa mapigano yenye hadithi moja) ya Battle for Wesnoth, mchezo wa kompyuta wa vita, iko kimya wakati MP3 umeshaziweka kwenye folda, na kama uanze na muziki au na milio ya silaha. Mimi niko Moshi, najenga kampeni ya vita vya Kibosho na Moshi enzi za Mangi (mtawala wa Kichagga) Sina na Mangi Rindi, hadi kufikia mwaka 1892 Mangi Meli alipowashinda Wajerumani walioongozwa na von Bülow. Milio yake karibu yote nimeirekodi huku huku, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyafanya.

Kwanza huo ukimya. Mchezo hautafuti sauti kwenye folda yako mpaka uuelekeze. Fungua faili la _main.cfg la nyongeza yako, weka tegi (jina la amri ndani ya mabano ya mraba) ya binary_path, na ndani yake path iwe data/add-ons/ ikifuatiwa na jina la folda yako. Ndani ya folda hiyo tengeneza nyingine mbili, music na sounds, kwa herufi ndogo. Nyimbo zigeuze ziwe OGG, ndiyo aina inayotumika kwenye muziki wa mchezo wenyewe. Audacity, programu ya kuhariri sauti, inafanya kazi hiyo bure. Jina la faili kwenye msimbo lilingane na la kwenye folda mpaka herufi kubwa na ndogo. Windows inaweza kulipitisha jina lililokosewa, lakini mchezaji wa Linux hatasikia kitu. Ukimaliza, rudi skrini ya mwanzo ubonyeze F5 ili mafaili yasomwe upya.

Muziki wenyewe ni rahisi. Tegi ya music yenye append=yes inaongeza wimbo kwenye orodha; bila hiyo, orodha ya zamani inafutwa na kubaki wimbo wako tu. Tumia pia ms_before, ambayo ni kimya kabla ya wimbo, kwa milisekunde. Mimi naweka 20000, sekunde ishirini nzima, na sioni kama ni nyingi.

Ila ushauri wangu, anza na milio. Huu ni mchezo wa zamu. Mtu anakaa anawaza zamu moja muda mrefu, wimbo unajirudia, mwisho anauzima. Mlio hauzimi, kwa sababu unampa habari. Baragumu likilia zamu ya tano anajua jeshi la msaada limefika kabla hajasogeza ramani. Mkuki ukigonga ngao anajua pigo limezuiwa kabla hajasoma namba. Mlio usiompa mchezaji habari yoyote mimi nauondoa, hata uwe mzuri kiasi gani.

Kurekodi si lazima vifaa vya gharama. Simu inatosha, ukienda alfajiri kabla bodaboda hazijaanza. Mlio wa chuma nimeuchukua kwa wahunzi wa Mamba, ambako mikuki ya Uchaggani imefuliwa vizazi na vizazi. Simama mbali kidogo na fuawe, maana ukiisogeza simu karibu sauti inapasuka, na sauti iliyopasuka hairekebishiki. Pigo la panga mwilini nalipata kwenye mgomba: ukishakata mkungu, shina linaangushwa hata hivyo, na lile shina lenye maji panga linapozama linatoa mlio mzito, wa unyevunyevu, ambao sijaupata kwenye kitu kingine chochote. Ngao ni ngozi kavu ya ng'ombe iliyowambwa, unaipiga kwa fimbo. Gobore nimelitengeneza kwa kupandanisha mlango wa mbao unaobamizwa na ubao unaopasuka, kisha nikashusha sauti iwe nzito.

Kila unaporekodi, acha sekunde kadhaa za kimya cha mahali pale. Kimya hicho ndicho unachokichagua kwenye Audacity ili programu ijifunze kelele za nyuma na kuzipunguza. Halafu kata mwanzo wa faili kabisa, mlio uanze hapo hapo. Hata robo ya sekunde ikibaki, mchoro wa mkuki unatangulia na sauti inafuata nyuma, na jicho linakataa. Geuza iwe mono (chaneli moja), kilele kisipite desibeli -3. Na usiridhike na pigo moja. Weka manne au matano, kwenye name ya tegi ya sound uyaorodheshe kwa mkato, mchezo wenyewe utachagua kwa bahati nasibu. Sikio linachoka upesi likisikia pigo lile lile.

Ninachokipenda kuliko vyote ni tegi ya sound_source, ambayo inafunga mlio kwenye mahali pa ramani. Nimeitumia kwa mfongo, mfereji wa maji ya mlimani. Unaipa x na y, unaipa faili, basi. Mahali hapo pakiwa umbali wa vigae (vyumba vya pembe sita vya ramani) visivyozidi 3 kutoka katikati ya skrini, maji yanasikika kikamilifu. Kisha yanafifia taratibu katika vigae 14 vinavyofuata. Namba hizo unaweza kuzibadili kwa full_range na fade_range. Mchezaji akisogeza ramani kutoka nyika kwenda migombani anayasikia maji kabla hajauona mfereji, na kwenye vita vya kugombea mashamba hiyo ni habari kubwa.

Kuhusu Bongo Fleva uliyotaja: usiweke. Seva ya nyongeza za Wesnoth inapokea kazi zenye leseni huru tu, kama GPL au CC BY-SA, zinazomruhusu mtu yeyote kuitumia na kuibadilisha kazi, na wimbo wa msanii huna haki ya kuutoa kwa leseni hiyo. Nyimbo za wazee nazo zina wenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inagusa hata sanaa za jadi. Mimi namweleza mzee matumizi yote, ikiwemo kwamba mtu wa nchi nyingine anaweza kuichukua sauti yake na kuibadilisha, na ridhaa yake naiacha ndani ya rekodi yenyewe. Wapo waliokataa, na nyimbo zao hazimo.

Bado ikiwa kimya, bandika hapa _main.cfg yako yote pamoja na majina ya mafaili yaliyomo kwenye sounds, nitaipitia jioni.